Kabla baba hajauza shamba la Magu: kusomea ufundi wa ndege na njia ya kufikia leseni

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 19, ni binti, nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM na nimepata daraja la pili. Nyumbani ni Ilemela, Mwanza, na tangu utotoni naziona ndege zikishuka kuelekea uwanjani. Ninachotaka ni kuzitengeneza, wala sina hamu ya kuzirusha. Nimepata nafasi chuo cha hapa nchini kusomea matengenezo ya ndege. Lakini mjomba ameleta wakala wa chuo cha nje anayesema nitasoma miezi 18 tu, nitoke na leseni ya kimataifa na kazi ya moja kwa moja Ghuba. Ada yake ni kubwa sana, na baba yuko tayari kuuza ekari tano za mpunga huko Magu. Mama anasema hii si kazi ya mwanamke, tena mimi navaa miwani. Walimu wangu nao wananishauri nisome uhandisi wa mitambo chuo kikuu kwa kuwa shahada ndiyo yenye heshima, ndege zitakuja baadaye. Nimechanganyikiwa. Nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa matokeo yako. Swali lako nimelisoma mara mbili. Lina mambo kadhaa, ila moja limenikaa rohoni kuliko mengine: hizo ekari tano. Shamba la mpunga likishauzwa, kulirudisha ni kazi ya kizazi kizima. Kwa hiyo nitaanza na wakala, kisha tutazungumza kuhusu chuo, shahada, miwani na maneno ya mama.

Hakuna leseni ya kimataifa ya ufundi wa ndege. Haipo. Mkataba wa Chicago uliosainiwa Desemba 1944 ndio uliozaa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na kiambatisho cha kwanza cha mkataba huo kinaweka viwango vya chini vya leseni kwa marubani, waongoza ndege, mafundi na wengineo. Lakini ICAO haimpi mtu leseni. Leseni hutolewa na nchi. Hapa kwetu ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Kenya ni KCAA. Marekani ni FAA. Na Ulaya wana kanuni za pamoja chini ya EASA, shirika lao la usalama wa anga, ila leseni yenyewe hutolewa na mamlaka ya nchi mwanachama. Ukitoka na leseni ya nchi moja kwenda kufanya kazi nchi nyingine, mamlaka ya huko ndiyo inayoamua kama itaitambua, itakupa mitihani, au itakurudisha mwanzo. Hata sisi wa Afrika Mashariki, ambao tangu 2007 tuna CASSOA, shirika la usalama wa anga la Jumuiya yetu pale Entebbe, la kuoanisha kanuni zetu, leseni ya upande mmoja bado lazima ipite mezani kwa mamlaka ya upande wa pili. Huyo wakala ama amekosea neno, ama anakuficha jambo. Yote mawili ni sababu ya kutompa hela bado.

Hiyo miezi 18 nayo tuitazame vizuri, maana si uongo mtupu. Kozi ya msingi ya Ulaya kwa daraja linaloitwa B1.1, la ndege zenye injini za tabini, ni saa 2,400 za darasani na karakana ya mafunzo. Chuo kinachosomesha mfululizo kinaweza kuzimaliza ndani ya miaka miwili hivi. Lakini mwisho wa saa hizo unapewa cheti cha kumaliza kozi. Leseni bado. Kwa kanuni hizo za Ulaya, aliyemaliza kozi iliyoidhinishwa anadaiwa miaka miwili ya kufanya kazi kwenye ndege zinazoruka. Asiyepita kozi hiyo wala kuwa na ufundi mwingine anadaiwa mitano. Viwango vya ICAO, ambavyo nchi zetu zinavifuata, vinasema miaka minne ya uzoefu, au miwili kama umepita mafunzo yaliyoidhinishwa, na umri usipungue miaka 18. Kwa hiyo jumlisha mwenyewe. Miezi 18 ya wakala ni nusu ya njia, na ni ile nusu rahisi.

Kwa nini wanadai miaka hiyo? Ukilielewa hili, mengine yote uliyoniuliza yatajipanga yenyewe.

Ndege inapotoka matengenezoni, kuna mtu mmoja anayeandika jina, namba ya leseni na sahihi yake kwenye kumbukumbu za ndege. Kwa sahihi hiyo anatamka kwamba kazi imefanywa kwa kufuata kitabu na ndege inafaa kuruka. Rubani hafungui injini kuhakikisha. Anakuja alfajiri, anasoma kumbukumbu, anaona sahihi, anaizunguka ndege kwa macho, anapanda. Nyuma yake wanaingia abiria 70, mama na watoto, mzee anayekwenda Muhimbili kutibiwa. Wote wamekaa juu ya sahihi ile. Shirika la ndege halikulipi kwa kujua kufungua nati, maana wa kufungua nati wapo wengi. Linalipia haki yako ya kusaini, na haki hiyo ndiyo leseni.

Nikupe mfano ninaowasimulia vijana wote wanaokuja chini yangu. Tarehe 10 Juni 1990, ndege ya British Airways aina ya BAC One-Eleven iliondoka Birmingham, Uingereza, kwenda Málaga, Hispania. Ikiwa inapanda, kwenye futi kama 17,300, kioo cha mbele upande wa kapteni kiling'oka, na hewa iliyokuwa ikitoka kwa kishindo ikamvuta kapteni nusu mwili nje. Wahudumu wakamng'ang'ania miguu. Rubani msaidizi akaishusha ndege Southampton, na watu wote wakapona, kapteni akiwemo. Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa saa 27 kabla ya safari. Wachunguzi walipozihesabu bolti 90 zilizokishikilia, walikuta 84 ni nyembamba kuliko inavyotakiwa kwa takriban milimita 0.66, na sita zilizobaki ni fupi.

Aliyezifunga hakuwa mwanafunzi. Alikuwa msimamizi wa zamu, mtu mzoefu, anayeheshimiwa na wenzake. Usiku ule watu walikuwa pungufu, akaona aifanye kazi mwenyewe. Alichukua bolti iliyotolewa kwenye kioo cha zamani, akatafuta zinazofanana nayo kwa kulinganisha kwa macho, wala hakufungua kitabu cha vipuri kupata namba. Mtu wa stoo alimtajia namba iliyo sahihi. Yeye akaamini jicho lake. Na hata ile bolti ya zamani aliyoishika mkononi haikuwa sahihi, ndege ilikuwa ikiruka nayo muda wote. Halafu akasaini, na kwa utaratibu wa wakati ule kazi ile haikuhitaji mtu wa pili kuikagua.

Milimita 0.66, mwanangu. Hiyo ni takriban unene wa kadi ya benki ukipunguza kidogo. Darasani utafundishwa namba za bolti na utafaulu mtihani wake. Lakini kufungua kitabu saa tisa usiku, umechoka, ndege inatakiwa alfajiri, na mkono wako unakuambia hii ndiyo yenyewe, hilo hufundishwi kwa mtihani. Unalijenga kwa kuonwa na mtu anayekukataza, siku baada ya siku. Ndiyo maana wanadai miaka.

Mimi nilikatazwa sana. Nikiwa mwanagenzi Dar es Salaam nilipewa kazi ya kufunga waya kwenye bolti za injini. Bolti nyingi za injini zina tundu kichwani. Unapitisha waya wa chuma, unausokota, unaufunga kwenye bolti ya jirani, ili mtikisiko ukitaka kuilegeza moja, waya uivute upande wa kukaza. Waya wa kawaida wa inchi 0.032 unatakiwa uwe na misokoto sita hadi minane kwa kila inchi. Ikipungua waya unalegea, ikizidi unachoka na kukatika. Niliufunga wangu kwa ustadi, misokoto nikaihesabu, nikaona umependeza. Fundi wangu, mzee aliyejifunzia kazi Embakasi enzi za East African Airways, akauangalia, akatoa koleo mfukoni, akaukata. Hakusema kitu. Nikafunga wa pili, akaukata. Wa tatu nao. Ndipo akaniuliza, "Bolti ikilegea itageukia wapi?" Nikaifuata kwa kidole. Waya wangu ulikuwa unaivuta upande wa kufunguka. Ulipendeza, na ulikuwa unasaidia ajali.

Siku ile niliandika kwenye daftari langu la kazi tarehe, namba ya usajili ya ndege, kazi niliyofanya, na yule mzee akasaini pembeni. Mstari mmoja. Leseni hujengwa kwa mistari ya namna hiyo, mamia kwa mamia: kubadili tairi na breki, kuchungulia ndani ya injini kwa kamera nyembamba, kufuatilia waya wa umeme uliokatika ndani ya bawa, ukaguzi wa kila saa 100 wa Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja. Ukiomba leseni, mamlaka hulifungua daftari hilo na kuuliza. Mstari usio na sahihi ya mwenye leseni ni maneno tu.

Sasa rudi kwenye swali lako. Umeniuliza chuo kipi. Mimi nakuuliza: ukimaliza chuo, nani atakupokea kwenye karakana yenye idhini ili uijaze ile miaka miwili? Hapo ndipo foleni ilipo hapa nchini. Vijana wanaomaliza kozi ni wengi kuliko nafasi za kusimama kando ya ndege. Wapo wenye vyeti vizuri kabisa wanaouza vifaa vya simu Kariakoo kwa sababu hawakupata mlango wa karakana mapema, na kadiri muda unavyopita mikono inasahau. Chuo kizuri kwako ni kile chenye makubaliano ya maandishi na karakana zinazotengeneza ndege za abiria au za mizigo, ambako wanafunzi wanaingia kweli na kusainiwa daftari. Chuo chenye jengo la vioo na ndege moja chakavu uani, wanafunzi arobaini wakigombea bisibisi, kitakufundisha kiasi tu.

Wakala anasema kazi Ghuba. Kazi zipo, na Watanzania na Wakenya wenye leseni wapo huko. Lakini karakana za Ghuba humuuliza fundi mambo matatu: una leseni gani, una idhini ya aina gani za ndege, na umefanya kazi miaka mingapi. Nchi kadhaa za huko zina kanuni zinazofanana sana na za Ulaya. Binti wa miaka 21 mwenye cheti cha kozi peke yake atajibu swali moja, tena nusu tu, na hayo mengine mawili hana jibu. Na hapo kwenye aina ya ndege pana jambo wengi hawalijui: hata ukiwa na leseni, huruhusiwi kusaini ndege usiyosomea aina yake. Mwenye idhini ya ATR 72 hawezi kusaini Airbus A220. Kila aina ina kozi yake, ni ghali, na kwa kawaida mwajiri ndiye anayeilipia kwa mkataba kwamba utamtumikia miaka kadhaa. Usije ukauza shamba kununua kozi ambayo mwajiri angekulipia.

Walimu wako wa sekondari wamekushauri kwa nia njema, na shahada ya uhandisi wa mitambo ni kitu kizuri. Ila wamechanganya njia mbili. Mhandisi wa shahada anajifunza kubuni, kukokotoa, kuchambua: kwa nini bawa linapinda, chuma kinachoka vipi. Fundi mwenye leseni anajifunza kuirudisha ndege katika hali ambayo mtengenezaji ameiandika, bila kubuni chochote. Ukimaliza shahada ya mitambo na kuja karakanani, utaanza chini kabisa, na saa zako zitahesabiwa kwa ile njia ndefu kwa sababu hukupita kozi iliyoidhinishwa. Wako waliofanya hivyo wakafika, lakini wamechelewa. Upande mwingine niseme haki: shahada inakusaidia baadaye ukitaka kuingia ofisi ya mipango ya matengenezo, ubora, au ukaguzi kwenye mamlaka yenyewe, na siku ambayo goti limekataa kupanda ngazi, shahada ni kiti. Kwa hiyo kama mtu ana uwezo wa kuvipata vyote viwili, leseni itangulie mkononi na shahada ifuate. Kwa hapa kwetu zipo kozi zinazojaribu kuviunganisha. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, kinafundisha matengenezo ya ndege kwa ngazi ya diploma na ya shahada.

Hujanitajia chuo ulichopata nafasi, na si lazima. Chochote kile, nenda ukaombe kukiona cheti cha idhini ya mafunzo kutoka TCAA. Usajili wa NACTVET ni jambo la lazima lakini ni jambo jingine. Wao wanaangalia elimu, TCAA inaangalia anga. Kwenye cheti hicho soma tarehe ya mwisho, na soma kimeidhinishwa kufundisha nini hasa, maana chuo kinaweza kuwa na idhini ya kufundisha wahudumu wa ndani ya ndege na kikakuandikisha wewe kwa ufundi. Halafu uliza: wahitimu wa miaka mitatu iliyopita, wangapi leo wana leseni? Chuo kinachojua wanafunzi wake kitakujibu hata kama namba ni ndogo. Omba namba za simu za wawili uzungumze nao mwenyewe.

Kama mlango wa hapa utakuwa mgumu, jirani pana vyuo vyenye historia: East African School of Aviation pale Embakasi, Nairobi, chuo cha anga cha Soroti, Uganda, kilichoanzishwa 1971 kwa ajili ya ukanda huu wote, na Addis Ababa, ambako Ethiopian Airlines wana chuo chao kando ya karakana kubwa kuliko zote za ukanda huu. Faida ya Nairobi ni uwanja wa Wilson, wenye karakana nyingi ndogo ndogo zilizobanana, na mtu anayeamka mapema akabisha hodi hapo kila wiki hatimaye hupata wa kumpokea. Usizidharau karakana ndogo. Kwenye Caravan, kijana wa mwaka wa kwanza anagusa injini, breki, umeme na usukani ndani ya wiki moja. Kwenye Boeing 787 anaweza kukaa miezi akibadili viti na kusafisha vichujio.

Leseni ya Ulaya kama unaitamani, na ni halali kuitamani, ipo njia isiyodai ekari tano kwa mkupuo. Mitihani yake imegawanywa kwa somo: hisabati, fizikia, umeme, vifaa na malighafi, mwendo wa hewa, sheria, udhaifu wa binadamu kazini, injini za tabini, pangaboi, na kadhalika. Kila swali la kuchagua lina majibu matatu, na ufaulu ni asilimia 75. Unaweza kuifanya mmoja mmoja ukiwa tayari kazini, ukilipa kwa mshahara wako, na una miaka kumi ya kuikamilisha tangu ufaulu wa kwanza kabla matokeo hayajaisha nguvu. Uzoefu wa huku nyumbani utapimwa na mamlaka utakayoiomba, nayo inaweza kudai nyongeza. Njia hii ni ya polepole na inahitaji nidhamu ya kusoma baada ya zamu. Lakini shamba linabaki.

Kwa upande wa ada ya hapa, ongea na Bodi ya Mikopo. Shahada wanazikopesha, na tangu 2023 wamefungua mlango kwa baadhi ya kozi za diploma. Soma mwongozo wa mwaka huu mstari kwa mstari, uone kama kozi yako imo.

Sasa miwani. Rubani na mwongoza ndege wanatakiwa cheti cha afya. Fundi hadaiwi cheti hicho kwa viwango vya ICAO. Wenzangu wengi wanavaa miwani, na mimi navaa sasa hivi ninapoandika. Kinachohitajika ni uone karibu na uone mbali ukiwa nayo. Jambo la kupima ni rangi. Nyaya, mabomba na taa za onyo hutofautishwa kwa rangi, na waajiri wengi hupima. Kabla ya kulipa ada yoyote, nenda kwa daktari wa macho hapo Mwanza, mwombe akupime kwa kile kitabu cha madoa ya rangi yenye namba ndani yake. Kipimo ni cha dakika chache. Ni bora kujua leo kuliko siku ya usaili.

Kuhusu mama, usimjibu kwa ukali. Anachoogopa ni kukuona ukiteseka. Mweleze kazi ilivyo, pamoja na ugumu wake. Utafanya zamu za usiku kwa sababu ndege hulala usiku nasi ndipo tunapozipata. Utasimama kwenye maegesho ya ndege saa saba mchana zege likichoma hadi kwenye soli. Utanuka mafuta. Kuna maji ya haidroliki ya rangi ya zambarau yanaitwa Skydrol. Yakigusa ngozi yanawasha, yakiingia jichoni utatafuta maji huku unapiga kelele, ndiyo maana miwani ya kinga si pambo. Lakini nguvu za misuli anazoziwazia mama si shida kubwa. Gurudumu na injini haviinuliwi kwa mabega, vinainuliwa kwa jeki na winchi, na bolti hukazwa kwa spana yenye kipimo inayolia "tak" ikifika nguvu iliyoandikwa, iwe imeshikwa na mwanamume wa kilo 90 au na wewe. Mwanamume mwenye nguvu nyingi asiyesikiliza ule mlio ndiye ananitia hofu. Wanawake wenye leseni wapo nchini na wanasaini ndege unazoziona zikishuka Ilemela. Ukimpata mmoja, mpeleke kwa mama, au mpigie simu mama akiwepo.

Kiingereza ulichonacho cha kidato cha sita kinatosha kuanzia. Vitabu vya matengenezo huandikwa kwa Kiingereza kilichorahisishwa makusudi, chenye maneno ya kawaida kama 900 yaliyoruhusiwa, kila neno na maana moja, ili mtu wa Addis, wa Hanoi na wa Mwanza waelewe jambo lile lile. Hesabu za PCM zinakuvusha pia. Sijawahi kuona kijana aliyeshindwa kazi hii kwa ajili ya hesabu. Nimeona walioshindwa kwa sababu hawakuweza kusema "nimekosea." Kifaa kikipotea kwenye ubao wa zana, ambao kila spana ina umbo lake limechorwa, ndege haitoki hadi kipatikane. Atakayenyamaza kwa aibu hatufai.

Na ukifika karakanani ukagundua moyo wako hauko kwenye injini, usidhani umepoteza. Kuna umeme na vifaa vya mawasiliano vya ndege, ambavyo vina daraja lake la leseni. Kuna mafundi wa mabati na miundo. Kuna wapimaji wa nyufa kwa mawimbi na sumaku. Kuna wapangaji wa ratiba za matengenezo. Nje ya karakana kuna kuongoza ndege, ambako Dar es Salaam pana chuo cha TCAA chenyewe. Hayo utayaona ukiwa ndani.

Nikikujibu waziwazi kama ningekuwa baba yako: wakala nisingempa hela, nafasi ya hapa nyumbani ningeichukua iwapo idhini ya TCAA ni hai na karakana za kupokea wanafunzi zinatajwa kwa maandishi, na likizo ya kwanza tu ningekupeleka kubisha hodi kwenye karakana. Lakini mimi siwaoni, siyajui madeni ya nyumbani wala mkataba wa wakala. Kwa hiyo mambo mawili msiyafanye kwa kusoma jibu langu tu. Mkataba wa chuo cha nje ukiletwa, usomwe na wakili kabla ya sahihi, hasa kipengele cha kurudishiwa ada ukinyimwa viza. Na wewe mwenyewe, ukipata nauli ya Dar es Salaam, nenda TCAA kitengo cha leseni na uwaulize ana kwa ana: cheti cha chuo hiki cha nje, mkikiona mezani, mtakihesabu vipi? Watu wale hujibu maswali ya namna hiyo kila wiki, na jibu lao lina uzito kuliko langu.

Kwa sasa mwombe mjomba amtake wakala aandike mambo matatu kwenye karatasi yenye nembo ya chuo: leseni anayoisema inatolewa na mamlaka ya nchi gani, karakana gani itakupa miaka miwili ya uzoefu, na nani atalipia gharama zako za kuishi katika miaka hiyo. Barua hiyo ikija, nitumie tuisome pamoja kabla baba hajampeleka mnunuzi Magu.